Asili ya Neno "Point" katika Kutia Vituo

Mwalimu afunguaye Kitabu cha Sala cha Kanisa la Uingereza cha mwaka 1662 ataona katika ukurasa wa jina lake kwamba Zaburi zilizomo zimekuwa "pointed", zipate kuimbwa au kusemwa kanisani. Akilitafuta neno "point" katika kamusi, huenda atakuta kwanza kwamba ni kuonyesha kwa kidole, naye atajiuliza Zaburi zaonyeshwaje kwa kidole. Basi, neno hili lina maana nyingine ya zamani, nayo ni kutia maandishi vituo.

Asili yake ni Kilatini. "Pungere" ni kuchoma kwa kitu chenye ncha, na "punctum" ni alama ndogo iachwayo na mchomo huo. Kwa njia ya Kifaransa likawa "point", yaani ncha, na nukta vile vile. Shina hilo ndilo lililozaa "puncture", kutoboa, na hata "punctual", mtu afikaye kwa nukta ile ile ya wakati. "Punctuate", litumiwalo zaidi siku hizi, ni ndugu yao. Lakini maana yake ya kutia vituo ilienea tangu karne ya 19 tu, ndiyo sababu wazee wa 1662 hawakulitumia.

Katika Zaburi hizo kila mstari umekatwa katikati kwa nukta mbili. Mtu asizipime kwa sarufi, maana mara nyingine zasimama mahali ambapo sarufi haitaki kituo. Ni alama za pumzi: hapo waimbaji hunyamaza kidogo, kisha huendelea. Baadaye, katika karne ya 19, walimu wa kwaya walilitumia neno lilo hilo kwa kutia alama kwenye silabi ambazo sauti ya wimbo hugeukia.

Tena iko maana ya tatu, ambayo yawapoteza wasomaji wengi wa vitabu vya ufafanuzi. Maandishi ya Kiebrania yakiitwa "unpointed", si kwamba hayana mikato, bali hayana irabu. Alama za irabu zitumiwazo hata leo zilitiwa na wanachuoni wa Tiberia, karne nyingi baada ya maneno yenyewe kuandikwa. Aliyewahi kusoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu kisichotiwa irabu aijua taabu hiyo.

Sisi twasema kuakifisha, kwa Kiarabu "wakafa", kusimama. Mwingereza ametazama ncha ya kalamu; neno letu lasikiliza sauti inayokoma. Kwa msomaji wa kanisani naona letu ni bora, maana kazi yake ni kujua asimame wapi.

Na jambo hili si dogo. Katika Luka 23:43 Bwana asema na mhalifu aliyesulibiwa pamoja naye. Nakala za kale za Kiyunani hazikuwa na vituo kama vyetu. Ukisimama kabla ya neno "leo", ahadi ni ya kuwamo peponi siku ile ile. Ukisimama baada yake, "leo" ni siku ya kusemwa kwa ahadi tu. Wafasiri walio wengi wametia mkato kabla yake, lakini mkato huo ni wa mkono wao, si wa Luka.