Ukurasa wa linki: unamsaidia mteja au unamfukuza?

Shoga yangu na mumewe wana biashara ya kupamba kumbi za harusi hapa Dar es Salaam. Juzi wamefungua tovuti, picha kali, bei zipo wazi. Wakakwama kwenye ukurasa mmoja tu: ule wa linki za tovuti za watu wengine. Mume anautaka, mke hataki hata kuusikia. “Nimpate mteja kwa jasho, halafu nimfungulie mlango aende zake?” Mume naye anajibu kuwa Google inapenda linki. Wakanuniana siku mbili, mpaka nikaitwa kusuluhisha!

Shemeji ana hoja, ila ameishika nusu. Google, iliyoanzishwa mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin, ilipata umaarufu kwa kuhesabu linki kama kura. Lakini kura inayokupandisha ni ile unayopewa, siyo unayotoa. Wajanja walipoligundua hilo wakaanza mchezo wa niweke nikuweke, na kurasa za linki zikajaa kasino na dawa za kupunguza unene. Aprili 2012 Google ikaleta mabadiliko yaliyoitwa Penguin, na tovuti nyingi zilizotegemea hila hizo zikaporomoka. Mpaka leo kanuni zake zinakataza kubadilishana linki kupita kiasi. Linki uliyolipwa kuiweka inatakiwa iwe na alama maalumu ndani ya msimbo wa ukurasa. Kwa hiyo shemeji, sahau habari ya linki mia.

Haya, na mteja je? Bibi harusi anayetafuta mapambo anatafuta pia keki, mpiga picha, MC na mpishi. Atawatafuta tu, utake usitake, na kamati yake inampigia simu kila saa. Ukimwonyesha watu wa uhakika, umempunguzia presha. Mimi ningeweka watano au sita niliowahi kufanya nao kazi, kila mmoja na sentensi moja ya kueleza kwa nini namwamini. Tena nisingeupa ukurasa jina la “Linki”, nani ataufungua? Ningeandika chini ya picha ya ukumbi wenyewe: keki hii kaitengeneza fulani, bonyeza hapa.

Ila jina lako ndilo linalobeba mzigo. Mpiga picha uliyemsifia akifika wakati maharusi wameshakata keki, lawama ni zako. Na linki huoza: mwenye tovuti asipolipia jina lake, mtu mwingine hulichukua, na mama mkwe wa mtu anabonyeza “keki” anakutana na picha za aibu. Zipitie zote kila mwezi, dakika kumi zinatosha.

Wamekubaliana watano. Tatizo sasa ni wa sita: binamu yake shemeji, ni MC, na sote tunajua anavyochelewaga.