Kelele za Mashabiki Zinaishia Wapi?

Msimu wa 2018/19 klabu ya Simba ilicheza mechi sita za makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Nyumbani, Dar es Salaam, ilishinda zote tatu: JS Saoura 3-0, Al Ahly 1-0, AS Vita 2-1. Ugenini ikafungwa zote tatu, mabao 12, bila kupata hata la kufutia machozi. Al Ahly iliyolala Dar ilikuwa imeipiga Simba hiyohiyo 5-0 kule Misri siku kumi tu kabla.

Safari huchosha, na uwanja wa mwenzio una tabia zake. Lakini kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kelele, na kelele hazimwingii mchezaji peke yake. Mwaka 2002 mtafiti Alan Nevill na wenzake, nchini Uingereza, waliwaonyesha waamuzi 40 mkanda wa mechi ya Liverpool na Leicester. Waliotazama wakisikia sauti ya uwanja waliihesabia Liverpool, waliokuwa nyumbani, faulo chache kwa takriban asilimia 15 kuliko waliotazama bila sauti. Hakuna aliyehongwa. Uwanja mzima ukizomea, hata mwamuzi mwadilifu huingiwa na shaka, na filimbi inachelewa. Bundesliga iliporejea Mei 2020 bila mashabiki kwa sababu ya korona, ushindi wa wenyeji ulipungua.

Kwa timu ya taifa mzigo ni mzito zaidi, kwa sababu anayeshangiliwa ni nchi. Brazil waliingia nusu fainali ya Kombe la Dunia 2014, nyumbani kwao Belo Horizonte, wakaimba wimbo wa taifa huku wameshika jezi ya Neymar aliyekuwa majeruhi. Kufikia dakika ya 29 Ujerumani walikuwa mbele 5-0. Mechi iliisha 7-1. Hisia kali hazimfundishi beki kukaa kwenye nafasi yake.

Nasi tuna la kwetu. Machi 24, 2019, timu yetu ya taifa, Taifa Stars, iliifunga Uganda 3-0 jijini Dar es Salaam na kufuzu fainali za Mataifa ya Afrika (AFCON) kwa mara ya kwanza tangu 1980. Miezi mitatu baadaye, kwenye fainali hizo nchini Misri, ilifungwa na Senegal 2-0, Kenya 3-2 na Algeria 3-0. Wapo waliosema vijana hawakuwa na uzalendo. Siafiki hata kidogo. Walikosa kitu ambacho jukwaa haliwezi kutoa ndani ya dakika 90.

Iceland, yenye watu wapatao 330,000 wakati ule, ilikitafuta mapema. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilijenga kumbi zenye viwanja kamili ndani, watoto wacheze hata majira ya baridi, na ikahakikisha wanafundishwa na makocha wenye leseni za UEFA. Mwaka 2016 ikaitoa Uingereza kwenye Euro kwa 2-1. Dunia ilishangazwa na makofi ya mashabiki wake, lakini kazi ilikuwa imefanyika kwenye zile kumbi.

AFCON ya 2027 itachezwa Kenya, Uganda na Tanzania. Tutajaza viwanja, hilo sina wasiwasi nalo. Ila shabiki anayenunua tiketi na jezi ya Stars ana haki ya kuliuliza shirikisho la soka, TFF, tena kwa sauti ileile ya jukwaani: watoto wanaong'ara kwenye mashindano ya shule za msingi (UMITASHUMTA) na sekondari (UMISSETA) wanakwenda kwa kocha gani mashindano yakiisha?