Kabla ya Kuvunja Vijumba vya Malkia

Akina mama wengi wa Pwani wanaofuga nyuki wameshika funzo moja: ukiona vijumba vya malkia kwenye masega, vivunje, nyuki wasihame. Sisi twaona funzo hilo ni nusu tu, na aliyeshika nusu hiyo peke yake aweza kuuangamiza mzinga wake kwa mkono wake mwenyewe.

Kijumba cha malkia hakifichiki. Huning'inia kuelekea chini, mfano wa ganda la njugu. La kuangaliwa ni mahali kilipo na idadi yake. Vikiwa vingi kwenye kingo za chini za masega, na mzinga umefurika, kundi lajiandaa kugawanyika: malkia mkongwe ataondoka na takriban nusu ya nyuki, aghalabu pindi vijumba vya kwanza vinapozibwa kwa nta. Lakini vikiwa viwili au vitatu katikati ya sega, mara nyingi nyuki hawana nia ya kuhama. Malkia wao amezeeka au ana kasoro, nao wanamlea mrithi. Ukivivunja hivyo, na malkia akafa pasipo mayai wala mabuu wachanga, baada ya wiki kadhaa wafanyakazi huanza kutaga wenyewe. Mayai yao hayakurutubishwa, hivyo hutoa madume tu, na madume hawakusanyi asali. Mzinga hufifia huku mwenyewe akingoja mavuno ya kulipia karo.

(Mwenye mzinga wa gogo ni vigumu kuyakagua haya, ndiyo maana twapendelea mizinga ya pau au ya fremu.)

Kundi linapojiandaa kuondoka, afadhali uligawanye wewe. Jioni, ukiwa na mavazi kamili na bomba la moshi, watoto na mbuzi wakiwa mbali, hamishia malkia mkongwe katika mzinga mtupu pamoja na masega mawili matatu yenye mabuu na asali. Kung'utia humo nyuki zaidi, kwani wakubwa watarejea walikozoea. Mzinga wa zamani uachie kijumba kimoja au viwili vilivyo vizuri.

Kisha usiuchokore. Malkia hukua kwa siku 16 tangu yai, halafu hutoka angani kupandwa, na hupita wiki mbili hivi kabla ya kuanza kutaga. Baada ya hapo fungua, utazame ndani ya vitundu: yai moja moja limesimama chini katikati, basi malkia yupo, hata usipomwona.