Kanga Iliyovaliwa ni Hazina ya Makumbusho

Makumbusho ya mavazi yanapoanzishwa, wenye moyo huleta doti mpya, zingali na mkunjo wa dukani. Tunazipokea kwa shukrani. Hata hivyo, sisi wahifadhi wa nguo hutamani zaidi kanga iliyokatwa, ikapindwa, ikabebewa mtoto na kufuliwa hadi ikalainika.

Doti isiyokatwa hueleza habari za kiwandani na dukani, na hizo si haba. Kwenye kitambaa huchapwa alama ya mfanyabiashara. Kanga za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyeanza biashara mwaka 1887, hutambulika kwa maneno “Mali ya Abdulla”. Jina la kanga nalo husaidia kukisia umri, kwani majina ya zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya zile za Kilatini kuenea. Lakini doti hiyo haitakwambia nani aliichagua wala alimvalia nani jina lile. Hayo anayo mwenye nguo. Kwa hiyo anayeleta kanga ya bibi yake aulizwe kwanza: ilinunuliwa wapi, ikavaliwa kwenye shughuli gani? Na doa lisifuliwe kabla ya kuchunguzwa. Huenda ni hina ya harusi.

Adui mkubwa wa nguo hizi ni mwanga. Jua la adhuhuri huweza kufikia luksi 100,000, ilhali nguo iliyo kwenye maonyesho huangaziwa kwa luksi 50 hivi. Rangi iliyopauka hairudi, hata nguo ikifungiwa gizani miaka mingi. Ndiyo sababu vyumba vyetu vina mwanga hafifu na nguo hupumzishwa kila baada ya miezi michache. Wageni hulalamika, nawaomba wavumilie, maana wajukuu wao nao watataka kuona.

Pwani kuna unyevu pia. Unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65, ukungu huota. Tena, penye mkunjo, nyuzi hukatika taratibu, hivyo kanga huviringishwa kwenye bomba la karatasi isiyo na asidi.

Kama unayo kanga ya bibi kabatini, itoe kwenye mfuko wa plastiki, kwa kuwa hufungia unyevu ndani. Iviringishe kwenye shuka safi ya pamba, mbali na ukuta, kisha andika habari zake kwenye karatasi ya pembeni. Tumia penseli, maana wino huchuja.