Kisangani: Kusoma uhasibu wa kompyuta chuoni, ni kusoma nini hasa?

Vijana wengi wa Kisangani wanaomaliza sekondari katika seksheni ya komersiale wanaelekea Chuo Kikuu cha Kisangani, UNIKIS, katika kitivo cha uchumi na usimamizi, ao kwenye chuo cha juu cha biashara, ISC. Huko wanakutana na somo lenye jina refu: mifumo ya habari ya uhasibu. Wazazi wanaolipa minerval wanauliza: hiyo ni kontabilite ao ni informatike?

Ni vyote viwili. Lakini zaidi ni somo la kufuata njia ya habari: pesa na bidhaa zimetoka wapi, zimepita mikononi mwa nani, nani aliandika, na nani anaweza kuhakikisha.

Mfano wa magunia ya mchele

Tuseme mama mmoja mfanyabiashara anaagiza magunia 100 ya mchele kutoka Isangi. Baleniere inafika beach, wanahesabu magunia 97. Anauza 60 kwa bei ya franka 120.000 kila gunia: 40 kwa pesa mkononi, 20 kwa deni. Tukiacha kodi kando kwanza, kese imepokea franka 4.800.000, wadeni wanabakia na franka 2.400.000, na mauzo yote ni franka 7.200.000.

Katika hesabu za OHADA, mwanafunzi anaandika 4.800.000 kwenye konti 57, ndiyo kese, 2.400.000 kwenye konti 41, ndiyo wateja, na 7.200.000 kwenye konti 70, ndiyo mauzo. Pande mbili zinalingana. Hiyo ni kontabilite ya kawaida.

Somo la mfumo linaendelea mbele. Kwenye depo lazima yabakie magunia 37. Wakienda kuhesabu, wanapata 35. Mawili yako wapi? Kama mtu mmoja ndiye anapokea mchele, anauza, anashika pesa na anaandika buku, hakuna anayeweza kujibu. Na mara nyingi kijana wa depo ndiye anafukuzwa kazi, hata kama hakuiba kitu. Lakini kama kila mtu ana kazi yake, na kila hatua ina karatasi yake, kosa linaonekana mahali lilipotokea. Juu ya hiyo, mfumo mzuri unalinda mali ya mwenye duka, na pia unalinda jina la mfanyakazi.

Sheria inasema nini?

Inchi yetu iliingia katika OHADA mwaka 2012. SYSCOHADA mpya, iliyopitishwa mwaka 2017, ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2018. Inaruhusu kushika hesabu kwa kompyuta, lakini kwa masharti. Maandishi yafuate tarehe. Likitokea kosa, halifutwi: linaandikwa tena kwa alama ya kutoa, kisha andiko la kweli linafuata. Vitabu na karatasi za ushahidi vinatunzwa miaka 10.

Hapo ndipo tofauti ya Excel na programu ya uhasibu kama Sage inaonekana. Kwa Excel mtu anaweza kubadilisha namba usiku, na asubuhi hakuna alama. Katika programu iliyopangwa vizuri, kila mtu ana neno lake la siri, na andiko likiisha kuthibitishwa haliguswi tena. Lakini wakifanyakazi watano wakitumia neno moja la siri, programu hiyo nayo haisaidii kitu.

Tena kuna kodi. TVA ya asilimia 16 ilianza mwaka 2012. Kampuni inayoitoza lazima itenganishe pesa yake na pesa ya serikali katika kila fakture. Asiyetenganisha anakula pesa ya serikali bila kujua, na siku ya kulipa DGI anakosa.

Umeme ukikatika?

Watu wanasema: hapa kwetu umeme unakatika, kompyuta itasaidia nini? Ni swali la kweli, na ni sehemu ya somo. Mfumo si mashine peke yake. Fakture zenye namba zinazofuatana, buku la kese linalofungwa kila jioni, karatasi ya kupokea bidhaa yenye sahihi mbili: yote ni mfumo. Umeme ukirudi, karatasi hizo zinaingizwa. Na kopi ya hesabu iwekwe mahali pengine, si katika kompyuta ile ile.

Kabla ya kujiandikisha

Katika mpango wa LMD, lisansi ni miaka 3, masta ni miaka 2. Kijana na mzazi waulize chuo chochote maswali haya: Mwanafunzi anakaa mbele ya kompyuta saa ngapi? Wanafunzi wangapi kwa mashine moja? Programu gani inafundishwa? Nani anasaidia kutafuta staji? Kujua jina la programu kwa notes tu, bila kuigusa, hakutoshi siku ya mtihani wa kazi.

Ijulikane pia kwamba diploma haimfanyi mtu kuwa mhasibu mtaalamu aliyekubaliwa na sheria. Tangu sheria ya mwaka 2015, kazi hiyo inasimamiwa na ONEC, na lazima mtu aandikishwe huko.

Mwenye kusoma sasa asingoje diploma ndiyo aanze. Mobile money ya familia, duka la jirani, likelemba ya mtaa: zote zina pesa inayoingia na inayotoka. Achukue buku, aandike mwezi mzima, kisha ahesabu pesa iliyoko kweli. Kama namba hazilingani, atafute ni hatua gani haikuandikwa. Hilo ndilo swali ambalo atalipwa kulijibu maisha yake yote.