Ngozi ya Risasi na Urefu wa Elgon: Rekodi za Ulimwengu wa Nyutroni

Mji wa Kapsokwony, kaunti ya Bungoma, una rula kubwa kuliko miji mingi: Mlima Elgon, wenye kilele cha mita 4,321 pale Wagagai. Leo tuutumie kupima kitu kidogo kupita kiasi. Ndani ya kiini cha kila atomu nzito kuna nyutroni, chembe zisizo na chaji, na wanaozisaka wamevunja rekodi za kushangaza.

1. Ngozi nene

Kiini cha risasi-208, aina ya metali ya risasi, kina protoni 82 na nyutroni 126. Zile za ziada hujazana pembeni, zikakivika kiini ngozi ya nyutroni. Mwaka 2021 jaribio la PREX-2, katika maabara ya Jefferson jimboni Virginia, Marekani, lilitangaza unene wa ngozi hiyo: femtomita 0.283. Milimita moja ina femtomita trilioni moja. Sasa kuza kiini hicho mpaka nusu kipenyo cha eneo la protoni kilingane na urefu wa Elgon. Ngozi itatokeza mita 222 zaidi, yaani jengo la KICC la Nairobi mara mbili, moja juu ya jingine, na bado nafasi inabaki!

2. Tofauti finyu mno

Hiki ndicho kipimo ninachokivulia kofia. Elektroni ikirushwa kwenye kiini huziona protoni kirahisi kwa sababu ya chaji. Nyutroni hazina chaji, ila nguvu dhaifu ya nyuklia huzitambua takriban mara 14 zaidi kuliko protoni. Tena nguvu hiyo ina upendeleo: elektroni inayozunguka kuelekea kulia haiitendei sawa na ile ya kushoto. Basi watafiti wa PREX-2 wakarusha elektroni za aina hizo mbili kwa zamu, wakahesabu zinazodunda.

Shabaha yenyewe ilikuwa bamba la risasi la unene wa takriban nusu milimita, limebanwa kati ya vipande viwili vya almasi. Risasi huyeyuka kwenye nyuzijoto 327 tu, na almasi ndiyo iliyokuwa ikiondoa joto upesi.

Tofauti waliyopata ni 550 kwa kila bilioni. Chukua Wakenya wote wa sensa ya 2019, watu 47,564,296, uwagawe makundi mawili. Kundi moja lingelizidi jingine kwa watu 26, ambao hawajazi matatu mbili za viti 14. Na kosa la kipimo? Halifiki mtu mmoja kwa nchi nzima!

3. Kigunduzi chepesi

Nyutrino, chembe nyingine zisizo na chaji, hupenya karibu kila kitu, hivyo vigunduzi vyake ni majitu: Super-Kamiokande ya Japani ina tani 50,000 za maji. Mwaka 2017 kundi la COHERENT, huko Oak Ridge, Tennessee, lilinasa nyutrino zikigonga viini vizima kwa kutumia fuwele ya kilo 14.6. Gesi ya mtungi wa kilo 13 ni nyepesi kuliko fuwele hiyo kwa kilo 1.6 tu. Daniel Freedman alikuwa ametabiri mgongano huo mwaka 1974. Ulisubiriwa miaka 43. Mgongano huo nao hutegemea zaidi nyutroni, na mwaka uliofuata data zile zilitumika kukadiria ukubwa wa eneo lao.

4. Mzigo mzito

Milimita moja ya ujazo iliyojazwa viini vitupu ingekuwa na tani 230,000 hivi. Ni magunia milioni 2.5 ya mahindi ya kilo 90. Katika sensa ya 2019, Kaunti ya Bungoma ilikuwa na wakazi 1,670,570. Kila mmoja angeondoka na gunia moja na nusu.

5. Mwenda kasi

Nyota za nyutroni zimebanwa hivyo hivyo, na ngozi ya risasi husaidia kukadiria ukubwa wake: ngozi ikiwa nene, nyota huwa pana. Kipenyo ni kilomita 24 hivi; tatu zingepangwa mstari mmoja kwenye kitako cha Elgon chenye upana wa kilomita 80. Inayoshikilia rekodi huzunguka mara 716 kwa sekunde. David Rudisha alipokimbia mita 800 kwa 1:40.91 jijini London mwaka 2012, nyota hiyo ilizunguka zaidi ya mara 72,000.

Kenya ina medali yake hapa. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru. Ndiyo iliyogundua mapigo ya Centaurus X-3 kila sekunde 4.8: nyota ya nyutroni ikinyonya gesi ya jirani yake.

6. Ubishi mkali

Mwaka 2022 maabara ileile ya Jefferson ilitoa kipimo cha kalisi-48: ngozi ya femtomita 0.121 tu. Nadharia zinazokubali ngozi nyembamba hiyo hutatizika kuieleza ngozi nene ya risasi, na zinazoiweza risasi hushindwa na kalisi. Huko Mainz, Ujerumani, mtambo mpya uitwao MESA unaandaliwa kuipima risasi upya.