Bango Kitita Chini ya Mwembe (2): Nani Ashike Kalamu?

Wiki iliyopita tuliuangalia mkutano mkuu wa kijiji, ambao Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982 imeupa mamlaka ya juu kijijini Tanzania. Leo ni zamu ya bango kitita, yale makaratasi makubwa ambayo kila mradi huja nayo na wachache huyatumia ipasavyo.

Tuanze na herufi. Kwa kanuni ya wachora mabango, herufi ya sentimita 2.5 husomeka bila taabu kutoka mita 3. Aliyekaa mita 12 anahitaji ya sentimita 10. Karatasi ya A1 ina urefu wa sentimita 84, hivyo hubeba mistari mitano au sita tu. Anayebananisha humo bajeti nzima ya zahanati anawaandikia wa benchi la mbele. Upepo je? Kamba kati ya miti miwili na vibanio vya nguo.

Kalamu ndiyo yenye mzozo. Mama anasimama, anasema kisima cha juu hukauka kila Septemba. Afisa anaitikia kwa kichwa, kisha anaandika: “Changamoto ya upatikanaji wa maji.” Kisima kimepotea, mwezi umepotea, na mama mwenyewe hatambui tena alichosema. Andika maneno yake kama yalivyomtoka, kisha umsomee.

Robert Chambers wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, ni miongoni mwa waliohimiza wataalamu wawakabidhi wanakijiji kijiti chenyewe. Katika mipango ya matumizi ya ardhi, wakazi huchora kwanza ramani chini kwa vijiti, majivu na mawe. Karatasi hufuata baadaye. Utaratibu huu una maana: asiyejua kusoma hasiti kusogeza jiwe lililowekwa pasipo pake, ilhali wino humtisha. Hata vipaumbele hupigiwa kura hivyohivyo: karatasi inalazwa chini, inachorwa bomba, darasa na barabara, kila mtu anaweka punje zake za mahindi. (Kuku wafukuzwe mapema.)

Mkutano ukiisha, karatasi zisipakiwe kwenye gari la mradi. Afisa apige picha kwa simu. Zenyewe ziandikwe tarehe, zibaki ofisi ya kijiji. Nawe mtendaji, mkutano ujao zitundike tena kabla ya kufungua ajenda, watu waone nani aliahidi nini.